Kibao Mbele ya Rejeta

Palikuwa na mtu mmoja, Anyosisye, ambaye riziki yake ilikuwa kuvuta mizigo ya wenzake. Watu wa bondeni walilima viazi, barabara kuu ilipita juu, na katikati ulisimama mlima. Kila mavuno tela lilifungwa nyuma ya gari lake, likapanda. Bila gari lile viazi vingeozea shambani, na hilo kila mtu alilijua.

Lakini gari lilifika juu likinuka kuungua. Anyosisye alikuwa mdadisi, mtu wa kuuliza hata kuku kwa nini anywapo maji hutazama mbinguni, basi hakutulia. Injini haichemki, maji yamejaa, sasa joto hili linatoka wapi? Fundi akamwonyesha oili ya giaboksi, nyeusi tii, akamweleza kwamba gari linalovuta huchoka kwa uchovu wake na kwa uchovu wa kile linachokivuta. Akamfungia rejeta ya pili, ndogo, ya kupoza oili ile tu. Aliiweka mbele kabisa, mahali upepo unapopiga kwanza.

Jamani, furaha yake! Kila alipofika kileleni alifungua boneti, akaweka kiganja nyuma ya kile kirejeta, akausikia upepo wa moto ukitoka. Alicheka peke yake. Watu walidhani kapatwa na kitu, kumbe alitaka tu kuona joto linakwenda wapi, na kila safari alistaajabu upya.

Mavuno yakawa mema, na watu wakampenda. Wakasema huyu tusimwache mikono mitupu. Wakamtengenezea kibao kipana cha bati, kwa maandishi mekundu: MKOMBOZI WETU. Kikafungwa mbele kwa bolti, maana heshima haiwekwi mgongoni, na vigelegele vikapigwa. Kilifunika kirejeta chote. Nani angetia neno siku kama ile? Mwenyewe alikuwa akifuta machozi.

Tangu hapo hakufungua tena boneti kileleni. Alikuwa na salamu za kupokea.

Harufu ya kuungua ikarudi. Wengine wakanong'ona kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini walimwonea, maana alivuta kwa bidii ileile. Alibadilisha oili, akakagua mabomba, akamshuku hata fundi wa watu. Alichunguza kila kitu isipokuwa kile alichopewa kwa upendo. Msimcheke. Ni nani kati yetu huichunguza zawadi?

Siku moja, katikati ya mlima, gia iliteleza. Injini ikanguruma na gari lisisogee, kisha tela likaanza kurudi nyuma, na wenye viazi walikuwa wamekaa juu ya magunia. Wakaruka, wakasukumiza mawe chini ya matairi. Likasimama.

Anyosisye alishuka, akaenda mbele ya gari. Upepo wa mlimani ulimpiga mgongoni hata shati likajaa. Hapo udadisi wake ukaamka: upepo wote huu unaishia wapi? Akapitisha kiganja nyuma ya kibao. Hapakuwa na upepo hata chembe. Akaelewa, na akaingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya tela. Waliompa kibao walikuwa wamesimama pale wote, na mbele yao Mama Atuganile, mwenyekiti wa wakulima, mjane asiyependa mzaha. Kukifungua kibao ni kuwavunjia heshima. Kukiacha ni kuiua giaboksi, na viazi vyao pamoja nayo.

Akasema, "Mama, niwie radhi. Naomba spana, nikifungue hiki."

Watu wakaguna. Mama Atuganile alikitazama kibao, akamtazama yeye, akaona jinsi alivyokonda. Aliitoa spana chini ya kiti cha gari, lakini hakumpa. Alipiga magoti mavumbini akaanza kufungua bolti kwa mkono wake, naye analia. Kibao kikashuka. Wakalisubiri gari lipoe, kisha likapanda polepole, uso wake mtupu, na viazi vikafika.

Basi na wewe, yule anayekuvuta mlimani, unayempenda kwa moyo wako wote, umemfungia nini usoni?