Mtamba wa Jebii

Wekeni simu chini kidogo mnisikilize, maana haya ninayowaletea yalitokea humo humo ndani ya simu.

Katika kijiji cha Seretwo, kule bondeni kwenye ukame na wezi wa mifugo, walikuwepo watu watatu. Yatich, aliyekuwa akichaji simu za watu kwa umeme wa jua, alijaliwa subira. Ungemtukana asubuhi, na mchana angekuuliza kama umekula. Chesang, muuguzi wa zahanati, alijaliwa kufuatilia jambo mpaka mwisho wake. Habari ya kuambiwa haikumtosha. Kimosop alijaliwa shabaha. Alikuwa na bunduki, kama walivyokuwa nayo nusu ya wanaume wa pale, na watu walilala vizuri kwa kujua yupo.

Alikuwepo pia Mama Jebii, na hadithi hii ni yake. Binti yake wa pekee alipigwa risasi mchana kweupe akitoka kuteka maji. Siku hiyo ilisikika kamsa ya wezi, wanaume wakafyatua risasi kuelekea vichakani, na vumbi lilipotulia Jebii alikuwa amelala kando ya mtungi wake. Ikasemwa wezi wamemuua. Yatich akafungua kundi la WhatsApp la kupanga mazishi, akaweka juu yake picha ya Jebii anacheka, jicho moja amelifumba kwa sababu ya jua.

Jebii akazikwa. Nyinyi mnayajua makundi haya: marehemu yuko kaburini wiki ya pili na hakuna aliyetoka. Mtu akaandika, "Serikali inataka turudishe bunduki. Mnasemaje?" Basi ikawa balaa. Waliotaka zibaki waliwaita wenzao vibaraka wa wezi. Waliotaka zirudishwe waliwaita wenzao wauaji. Zikaletwa picha za maiti, wakaguswa mpaka wazazi wa watu. Mama Jebii alikuwa akifungua simu ili amwone mwanawe, na chini ya uso ule anasoma matusi. Ilimuuma kuliko alivyoweza kueleza.

Siku moja alirekodi sauti, akaituma kundini. "Hapa ni matangani kwa mtoto wangu. Jebii aliacha mtamba wake, yule ng'ombe aliyekuwa akimlisha kwa mkono. Yeyote atakayetufanya tuongee jambo hili kama watu, mpaka tufike mahali, nitampa huyo mtamba. Nimesema mbele yenu wote."

Alisema yeyote. Lishikeni neno hilo.

Yatich alilifunga kundi. Kila jioni, baada ya kukama, alimfungulia mtu mmoja aandike, kisha akamfungia. Na akaweka sharti: kabla hujatoa lako, eleza kwanza aliyekutangulia amesema nini, naye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Wapo waliorudia mara nne. Mzee Toroitich alimfuata dukani amekasirika.

"Unanirudisha darasani, wewe?"

"La, mzee. Nauliza tu yule wa jana alisema nini."

Mzee alitazama pembeni. "Alisema anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Kuibiwa, na kuzika. Kama mimi tu."

Chesang alizichukua zile picha moja baada ya nyingine. Ile ya watoto waliolazwa mstarini aligundua ilipigwa nchi nyingine, miaka mingi nyuma. Iliposemwa kwamba kijiji cha ng'ambo kilisalimisha bunduki kikachomwa moto, alipanda mlima kwa miguu mpaka huko, akakuta imeungua nyumba moja, kwa moto wa jikoni. Iliposemwa kwamba wenye bunduki wanawakodishia wezi, akaufuata uvumi huo nao, akakuta hauna kichwa wala miguu. Wala hakumwaibisha mtu mbele ya wengine. Alimpigia simu aliyeituma: "Kaka, ile picha si ya kwetu. Ifute kwa mkono wako." Wakafuta.

Kimosop aliomba zamu siku ya ishirini na mbili. Alilifuata sharti kama wengine. "Aliyenitangulia amesema bunduki zetu zinatulinda dhidi ya waliomuua Jebii. Nimemwelewa. Lakini siku ile hakukuwa na wezi. Niliona kichaka kinatikisika nikapiga, na mimi sikosi. Ni mimi niliyemuua. Naogopa kubaki na bunduki, na naogopa kulala bila hiyo." Kesho yake aliipeleka polisi, wakamzuia huko huko.

Mama Jebii aliusoma ujumbe ule amesimama mlangoni. Alimkumbuka Kimosop akichimba kaburi, akikataa kupokewa jembe. Akamchukia.

Tangu jioni hiyo hakuna aliyetukana. Aliyesema bunduki hulinda alikiri kwamba huua pia. Aliyetaka zirudishwe alikiri kwamba wezi wapo. Siku ya thelathini na moja walikubaliana: bunduki zote ziende kituoni zikaandikwe, warudishiwe walinzi wachache watakaochaguliwa na kijiji kizima, na asifyatue mtu kabla ya kuita mara tatu. Hakuna aliyefurahi sana, lakini wote waliridhia. Kisima kikabaki pale pale, na Jebii hakurudi.

Sasa akabaki mtamba, naye hagawanyiki. Yatich akawafungulia wote kundi.

"Apewe Yatich," wakasema wengine. "Bila kufuli lake, nani angesikilizwa?"

"Apewe Chesang. Bila yeye tungejadili uongo kwa adabu."

"Ukweli usemwe hata kama unachoma: ni Kimosop. Bila yeye tungekuwa bado tunabishana juu ya wezi ambao hawakuwepo."

"Aliyemuua mtoto apewe na mtamba wa mtoto? Mna akili nyinyi?"

Na hapo, ndugu zangu, tusi la kwanza likarudi, likafuatwa na la pili. Mke wa Kimosop, aliyebaki na watoto wanne na zizi tupu, aliandika mstari mmoja: "Mama Jebii, sisi usituhesabu." Yatich akafunga kundi. Akamfungulia mtu mmoja tu, Mama Jebii.

Mama alikuwa zizini. Mtamba alikuwa akimlamba kiganja, akitafuta chumvi aliyozoea kupewa na mwingine. Alijua akimpa Yatich au Chesang, hakuna atakayemlaumu, ila yeye mwenyewe atajua kwamba neno yeyote lilikuwa na mpaka. Na akimpa Kimosop, kila asubuhi atamwona mnyama wa Jebii akichungwa kutoka boma la aliyemuua.

Lakini sharti ni sharti, hata kwa mfiwa. Kabla hajatoa lake, ilimpasa aeleze aliyemtangulia amesema nini. Akaanza kuandika: "Mke wa Kimosop amesema tusiwahesabu. Nimemwelewa." Kidole kikasimama. Juu ya maneno hayo Jebii alikuwa akicheka, jicho moja amelifumba.

Kijiji kizima kinasubiri, kila mtu na simu mkononi. Haya, chukueni na zenu sasa. Je, ungekuwa wewe Mama Jebii, ungeandika jina la nani?