Harufu ya Mtu Aliye Hai

Bwana Shaweji, tajiri wa majumba mengi na haya kidogo, alipata mnunuzi wa nyumba aliyompangisha Bi Mwanamize.

"Isugue ing'ae, kisha ufungashe virago," alimwamuru. "Na hivyo vidagaa vyako vinanuka! Mgeni wangu asisikie humu hata harufu ya mtu aliye hai."

"Hewala, bwana. Hataisikia."

Mwanamize alifua mapazia, akasugua sakafu, akamalizia kwa kunyunyiza na kufukiza kila chumba.

Mnunuzi alivuka kizingiti, akanusa, akashusha sauti. "Kafuri na ubani! Poleni jamani. Maiti mnamwoshea chumba gani?"

"Maiti hakuna," alijibu Mwanamize. "Mwenye nyumba tu hataki isikike harufu ya mtu aliye hai."

Mnunuzi alimtazama Shaweji, akatoka kinyumenyume.

Dagaa wa jioni ile walinukia mpaka barabarani.