Kilio Alichoibiwa Bi Raihana

Mji wa Kaukabani, wenye kuba za shaba na bustani za komamanga, ulikuwa chini ya Sultani Tamimu bin Ghalibu, na waziri wake alikuwa Sufiani, nduguye wa kunyonya, kwa maana Bi Raihana, mama mzazi wa Sufiani, ndiye aliyewalea wote wawili kwa ziwa moja. Watu wakampenda waziri kwa uadilifu wake, na husuda ikamwingia Sultani, hata akamsingizia uhaini na kuamuru akatwe kichwa, naye hana hatia yoyote.

Mji ukaingia simanzi, na minong'ono ikafika hadi barazani. Sultani alikuwa na pete ya akiki iliyofungiwa ndani yake jini aitwaye Shamhari, akaisugua, na jini akatokea mithili ya wingu la moshi, akainama na kuuliza haja ya bwana wake.

"Haki ni kile watu wanachokubaliana kuwa ni haki," akasema Sultani. "Basi wafanye wote wakubaliane kwamba damu ya Sufiani ilikuwa halali kumwagwa."

Jini akapuliza, na kulipopambazuka watu wakaja kwa matari na vigelegele kumpongeza Sultani. Bi Raihana naye akaja, amevaa hariri, na sinia ya halua mikononi, akapiga magoti akamshukuru kwa kumuua mwanawe. Sultani akamwuliza kama hamkumbuki tena. Akajibu kwa uso mkunjufu kuwa anamkumbuka vizuri, jinsi alivyokuwa akicheka usingizini utotoni, na kwamba shingo ile ilistahili upanga.

Halua ikamshinda Sultani kumeza. Akamwendea kadhi, akaungama kuwa amemuua mtu asiye na hatia, akaomba ahukumiwe, na kadhi akatabasamu kwa adabu akasema haoni aliyedhulumiwa. Akazunguka mji mzima akitafuta mtu mmoja tu wa kumlaumu, apate kumwomba radhi, asimpate. Akaisugua pete huku akilia.

"Wote wamekubali. Mbona bado ni dhuluma?"

"Ewe bwana wangu," akasema jini, "uliniamuru nigeuze nyoyo za watu, nikazigeuza. Lile tendo sikuligusa, wala sina uwezo nalo."

Sultani alijua kuwa watu wakirudishiwa nyoyo zao atapoteza kiti, na pengine roho. Akaamuru warudishiwe.

Papo hapo kikapasuka kilio nyumbani kwa Bi Raihana, na mji mzima ukajiinamia kwa aibu. Kisha watu wakamng'oa Sultani kitini, wakamfikisha kwa kadhi, na kadhi akampa mama yule hiari ya kisasi au msamaha.

Bi Raihana akamwambia:

"Tamimu, uliniulia mwanangu, nami ukanifanya nimcheke maiti na kukupikia halua. Hata kumlilia uliniibia. Damu yako siitaki, na radhi yangu huipati."

Tamimu akaivunja pete, jini akaenda zake, naye akatoka Kaukabani kwa miguu. Kila mji aliofika alisimulia alilolitenda, na kila alipolaaniwa alishukuru, hata mauti yakamkuta ugenini, bila mke wala mrithi wala radhi ya mama.

Hayo ndiyo yaliyompata, na mwenye sikio na azingatie: dhuluma haigeuki haki kwa kupigiwa vigelegele, na anayewanyamazisha wote wenye kumlaumu hujikuta hana hata mmoja wa kumsamehe.