Bi Mishi Avunja Sebule

Sebule sifa, bafu sitara. Asubuhi mama yenu aliwaambia maneno hayo mlipokuwa mkibishana kuhusu makochi ya nyumba mpya, nanyi mkacheka mkidhani ameyatunga papo hapo. Hakuyatunga. Mimi niliyasikia yakitamkwa kwa mara ya kwanza, na aliyeyatamka nilimjua. Kaeni niwaeleze yalivyozaliwa.

Nilipoolewa na babu yenu tulipanga chumba cha uani Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba ya zamani ya Mzee Hemedi na mkewe, Bi Mishi. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo uliokandikwa na kupigwa chokaa, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Wenyewe walikaa upande wa mbele. Sisi wapangaji tulikuwa nyuma, na uani tulishirikiana wote: jiko, kamba za nguo, na bafu lenye choo, lililojengwa pembeni kabisa, la kupanda vidaraja viwili.

Sebule ya Mzee Hemedi ilijulikana mtaa mzima. Ilikuwa na viti vya mninga vilivyonakshiwa, zulia jekundu na saa kubwa ya ukutani. Lakini watu hawakufuata viti. Mzee Hemedi alikuwa msuluhishi. Posa ikikwama, mirathi ikileta maneno, mke na mume wakigombana, watu walisema, "Twendeni sebuleni kwa Mzee Hemedi," na wengi waliondoka pale wameshikana mikono. Alipenda kuwa safi. Alioga asubuhi na alasiri, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, ndipo akakaa kuwangoja wenye shida zao.

Kisha kiharusi kikamshika. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu. Ulimi ukawa mzito, ila akili ilibaki vilevile.

Bi Mishi akawa anampeleka bafuni uani, mkono wa mzee ukiwa begani kwake. Walipita katikati yetu tukipika na kufua, na kila mmoja alijitia kutazama sufuria yake. Siku moja wakati wa masika vile vidaraja vilikuwa na utelezi. Mzee akaanguka, kikoi kikamtoka mbele ya wapangaji wote, wanawake na watoto.

Bi Mishi hakupiga kelele. Alivua kanga ya juu, akamfunika mumewe, kisha akakaa chini kwenye tope kando yake kana kwamba wamekaa kupumzika. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Jamani, kila mtu aingie kwake." Tukaingia. Hakumwinua mpaka milango yote ilipofungwa.

Tangu siku hiyo Mzee Hemedi hakutoka chumbani. Wageni walikuja, wakaambiwa amelala. Midomo ikamkauka, macho yakaingia ndani, akawa anaweweseka. Daktari aliyeitwa alimpima akasema, "Mzee huyu hanywi maji. Akiendelea hivi figo zitaharibika." Bi Mishi alishangaa, maana kila siku alimpelekea maji na chai, na vikombe vilirudi vitupu. Akachungulia nje ya dirisha la chumba. Udongo chini yake ulikuwa umelowa, na majani ya chai yameganda ukutani.

Akamwuliza. Mzee akamjibu kwa shida, neno moja moja: "Mishi, nikinywa, nitataka kutoka. Na mimi sitoki tena."

Kumbe mtu aliyewapatanisha wengi alikuwa anajiua kwa kiu, ili asionekane uchi mara ya pili.

Kesho yake Bi Mishi alimwita Fundi Kilua, mtu mrefu aliyejenga nyumba nyingi za pale mtaani. Wakazunguka nyumba nzima wakitafuta mahali pa bafu ndani, karibu na kitanda. Palifaa mahali pamoja tu. Sebule ilipakana na chumba cha kulala, na upande wake wa pili kulikuwa na uchochoro ambamo bomba la maji machafu lingeweza kupita hadi kwenye shimo uani.

Fundi akagonga ukuta, chokaa ikadondoka. "Mama, huu ni udongo. Nikiuwekea maji hivihivi, masika mawili tu utalala, na paa juu yake. Itabidi tuegemeze paa kwa magogo, tutoe udongo kipande kwa kipande, tujenge kwa tofali za saruji. Na sebule yote itakwisha."

"Basi itakwisha," akasema Bi Mishi.

Habari zikamfikia wifi yake, Bi Mwanaisha, dada mkubwa wa Mzee Hemedi. Alikuja upesi, akichechemea kwa magoti mabovu, akiburura buibui.

"Wifi, una wazimu? Utatia choo pale? Nusu ya ndoa za mtaa huu zimefungwa pale! Kaka yangu bado hajafa unamvunjia jina?"

"Wifi yangu, karibu, keti," akasema Bi Mishi. "Jina analo mwenyewe. Nitamwuliza yeye. Njoo usikilize."

Wakaingia kwa mgonjwa. Nilikuwepo, nimepeleka uji, nikabaki nimesimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Mume wangu," Bi Mishi akasema, "nataka ruhusa yako. Nataka kuvunja sebule nikujengee bafu. Mlango wake utoke humu humu chumbani. Hutapita uani tena."

Mzee akauliza, "Wageni... watakaa wapi?"

"Barazani. Waliokuja kwa ajili yako watakaa barazani. Waliokuja kwa ajili ya viti, tutawaelekeza kwa seremala."

"Watu watasema."

"Watasema mchana kutwa. Jioni watakwenda kuoga makwao, wakuache wewe hujaoga."

Bi Mwanaisha alifungua mdomo aseme, lakini kaka yake alikuwa ameanza kutikisika. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki mzima.

"Vunja," akasema.

Viti, zulia na saa vikauzwa, vikawa saruji na vigae. Nyumba ikajaa vumbi. Fundi Kilua alifanya kazi taratibu kama mtu anayemvua nguo mgonjwa, maana nyumba za udongo ukizishtua huanguka. Kuta zilipokamilika alizipiga lipu yenye dawa ya kuzuia maji, na sakafu akaitia vigae vya kukwaruza visivyoteleza. Hakukuwa na kizingiti wala kidaraja. Sakafu ya chumba ilikutana na ya bafu sawasawa, kisha ikateremka kidogo sana kuelekea tundu la pembeni, hata mtu anayeburura mguu asijikwae.

Fundi alipodhani amemaliza, Bi Mishi alileta kanga na kiti. "Fundi, keti. Nipe mkono wako wa kulia."

Akaufunga ule mkono kifuani pake kwa kanga, akakaza fundo. "Sasa mguu wa kulia usiutumie. Jifanye unaoga."

Wasaidizi wake wakacheka. Fundi naye alicheka mpaka alipojaribu. Bomba lilikuwa kulia, hakulifikia. Vyuma vya kushikia alivifunga kwa urefu wake yeye, si wa mtu aliyekaa. Benchi la saruji lilikuwa mbali na choo, katikati hapana pa kushika. Alipojiinua aliyumba, Bi Mishi akamdaka.

Fundi Kilua akafunguliwa, akasimama akilisugua bega. "Mama," akasema, "nimejenga mabafu maisha yangu yote. Leo ndiyo mara ya kwanza kuingia katika moja." Akang'oa bomba na vyuma vyote kwa mikono yake, akavifunga upya kushoto kwa urefu wa mtu aliyekaa, akaongeza kingine kati ya benchi na choo. Kisha Bi Mishi akamwaga ndoo ya maji sakafuni. Mengine yakageuka kuelekea mlango wa chumba. Fundi hakungoja kuambiwa. Alivunja vigae vya upande ule akaurekebisha mteremko, mpaka maji yote yakaenda tunduni.

Siku ya kuoga, Mzee Hemedi aliingia peke yake akishikilia vile vyuma, akafunga mlango. Bi Mishi alikaa kitandani, mikono mapajani. Sisi tuliokuja kuona tulitega masikio. Tukasikia maji yakianza kutiririka. Mara, kishindo! Bi Mishi akaruka hadi mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Usije!" sauti ikatoka ndani. "Ni sabuni!"

Akauachia mlango. Nawaambieni, sijaona kazi ngumu kama ile ya mwanamke yule kuuachia mlango. Alirudi akakaa, machozi yakimtoka, na huko ndani mzee akaanza kughani kasida kwa ule ulimi wake mzito.

Alitoka na kikoi kikavu amejifunga mwenyewe, fundo limekaa upande. Akasema, "Mishi, nina kiu." Akanywa gilasi ya kwanza, akanywa na ya pili.

Haukupita muda wazee wakaja na posa iliyokwama. Mzee Hemedi akawapokea barazani juu ya mkeka, kanzu imepigwa pasi, ananukia udi. Mmoja wao, mtu asiyejua kunyamaza, akasema, "Lakini Hemedi, sebule ile! Sifa yote ile mmeimwagia maji."

Mzee Hemedi akamjibu polepole, nasi tukasikia kila neno.

"Sebule ilikuwa sifa yangu mbele yenu. Bafu ni sitara yangu. Na mtu asiye na sitara, hizo sifa zake ni za marehemu. Mke wangu alinikuta ninakwenda huko, akanirudisha."

Bi Mwanaisha, aliyekuwa kando ya mlango na magoti yake mabovu, akamvuta Bi Mishi kanga akamnong'oneza, "Wifi, huyo fundi wako anakaa wapi?"

Posa ikasuluhishwa siku ileile. Wale wazee wakayabeba maneno yake wakaenda nayo, yakafupishwa mdomo hadi mdomo, na mwisho yakawa haya mliyoyasikia kwa mama yenu. Ngamiani mtu akitaka kununua kabati la vyombo ilhali mzazi wake anajikongoja gizani kwenda uani, hawamgombezi. Humwambia hivi tu:

Sebule sifa, bafu sitara.