Mfupa wa Korongo la Nahimba

"Usiulize mfupa jina, uliza ulipolala." Mmemsikia baba yenu akisema hivyo sasa hivi, nanyi mnaniuliza kayatoa wapi maneno hayo. Sogeeni, wajukuu zangu. Chanzo chake ni hiki.

Kijijini kwetu Mkolonje alikuwapo mjane, Bi Somoe. Mumewe, Chimbwanda, alichukuliwa na mafuriko katika korongo la Nahimba, na mwili haukuonekana. Kwa desturi yetu, pasipo kaburi matanga hayavunjwi. Masika yakaja yakapita, Somoe angali analala chini, amevaa kaniki, haalikwi harusini wala hapikii wageni.

Siku moja wachunga mbuzi waling'oa mfupa kwenye ukuta wa korongo. Ulikuwa mweusi, mzito kama jiwe la kusagia, mrefu kama paja la mtu. Wakampelekea Somoe. Akauvika sanda, akaulaza kitandani. Kila jua lilipozama, mfupa ulilia: tik, tik, tik. Mbwa hawakupita mlango ule. Somoe aliufunika kanga yake, akisema, "Anasikia baridi." Kaburi likaanza kuchimbwa.

Ndipo akafika Bi Tekla. Huyu alitafiti mifupa ya kale ya nchi yetu kwa hiari yake, hakutumwa na serikali wala chuo, na kila alichokijua aliwafundisha watoto wa vijiji. Hakumcheka Somoe. Alivua viatu mlangoni, akampa pole, akaomba ruhusa. Kisha akainama, akaugusa mfupa kwa ncha ya ulimi.

"Mama wee! Anakula maiti!" alipiga kelele Mzee Likwata, shemeji yake Somoe.

"Sili, kaka. Jiwe tupu haligandi ulimini, mfupa hushika. Huu umeshika."

Somoe akamkamata mkono. "Basi ndiye? Nitajie jina lake, dada."

"Ulimi haujui jina. Nionyeshe ulipolala."

Wakashuka korongoni. Ukutani palikuwa na tundu lenye umbo la ule mfupa, ndani ya mwamba mgumu, limebana kama ala ya kisu. Bi Tekla akauingiza mkono wa Somoe humo.

"Mafuriko humlaza mtu mchangani, dada, hayamwingizi ndani ya mwamba. Huyu ni mnyama aliyekufa kabla watu hawajawapo."

Somoe akaketi chini. "Umeniulia mume mara ya pili."

Bi Tekla akaketi naye, akamwacha alie mpaka akanyamaza. Ndipo aliposema, "Mimi hupita humu kila baada ya mvua. Najua maji yanapochokea na kutua yaliyobeba. Njoo."

Kwenye kona ya chini ya korongo kulikuwa na mchanga mwororo. Wakafukua kwa mikono. Somoe ndiye aliyegusa kwanza. Hakung'oa kitu. Alipapasa mfupa wa muundi taratibu humo humo mchangani, hadi vidole vikafika pale ulipopinda, pale ulipounga vibaya baada ya kuvunjika, Chimbwanda alipoanguka mtini akirina asali.

"Usinitajie jina," akanong'ona. "Namjua."

Chimbwanda alizikwa siku ileile. Matanga yakavunjwa, Somoe akapika mwenyewe, na sahani ya kwanza akampa Bi Tekla. Mfupa mweusi ulirudishwa mwambani. Wapitao huko jioni husema bado unalia.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkiletewa jambo msilolijua, msikimbilie kulipa jina ambalo mioyo yenu inalitamani. Shukeni kwanza mpaka lilikotoka. Usiulize mfupa jina, uliza ulipolala.