Chungu Juu ya Taa

Palikuwa na mtu aliyefuga chatu kwa kibali. Aliitwa Gaudensi Ngailo, mstaafu wa maabara ya shule, akiishi huko nyanda za juu ambako mwezi wa Juni maji ya kwenye ndoo huamka na utando wa barafu. Chatu huyo hakumtafuta. Maabara ilipofungwa, gari lilikuja kuchukua vifaa. Mifupa ya mtu ilisainiwa na watu watatu, hadubini zikasainiwa na wanne, lakini chatu hakuwamo kwenye orodha, kwa hiyo kwa upande wa maandishi hakuwepo. Gaudensi akambeba nyumbani ndani ya gunia, akamjengea sanduku kubwa la mbao lenye kioo mbele, akaliweka sebuleni. Akamwita Tulivu, kwa sababu alikuwa mtulivu, na kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mgane mmoja tu asiye na mtu mwingine wa kumwita.

Mwaka uliofuata ofisi iligundua kwamba chatu yupo, ikataka awe na kibali. Kibali kikaja na fomu. Fomu hiyo ilikuwa imetungwa zamani kwa ajili ya kuku wa mayai, na mtu mmoja mwenye bidii alikuwa amekata neno "kuku" kwa kalamu kila lilipotokea, akaandika "mnyama". Sharti la saba lilisema: Banda liwe na taa iwakayo usiku kucha, na mnyama aonekane wakati wote. Chini yake palikuwa na nafasi ya kujaza idadi ya mayai kwa siku. Gaudensi, ambaye alikuwa mwaminifu, alijaza kila mwezi: hakuna.

Sharti la saba halikumuudhi. Hapo sikilizeni vizuri, maana tuna tabia ya kuilaumu ofisi kwa mambo ambayo ofisi ilitupa ruhusa tu ya kuyafanya. Gaudensi alikuwa tayari ameshaweka taa. Mkewe, Agripina, alikuwa amefariki baada ya kuugua miezi tisa, na tangu siku hiyo Gaudensi hakutaka kitu chochote chini ya ulinzi wake kikae mahali asipokiona. Hata kaburi alilichomekea taa ya sola, ile inayojiwasha yenyewe giza likiingia. Watu wa parokia waliipita wakitoka ibada ya jioni wakasema, huyu ndiye mume.

Basi ndani ya sanduku ilining'inia balbu ya zamani, ya aina ile inayochemka, imezungushiwa wavu ili nyoka asiungue. Ilimpa Tulivu joto, na joto alilihitaji, maana chatu ni kiumbe wa nchi ya chini na baridi ya kule ingemuua. Balbu hiyo ilimpa na mwanga pia, ambao hakuuomba. Kila usiku Gaudensi aliketi kwenye kigoda mbele ya kioo akamtazama. Akisinzia hushtuka, akishtuka hutazama tena. Asubuhi wote wawili walikuwa wamechoka, ila mmoja wao tu ndiye aliyeweza kunywa chai.

Tulivu akaacha kula. Zamani alikuwa akimeza simbilisi mmoja, panya yule mnene wa kufugwa, kila baada ya wiki tatu. Sasa simbilisi aliingizwa ndani, akakaa, akatafuna majani yake, na siku ya pili akapanda mgongoni mwa chatu akalala huko, kwa kuwa palikuwa na joto. Alinenepa. Gaudensi akamtoa, akamrudisha kwa wenzake, ambako nadhani alikuwa na mengi ya kusimulia. Wiki tatu zikapita, kisha tatu nyingine. Uti wa mgongo wa Tulivu ukaanza kuonekana kama kamba chini ya shuka.

Gaudensi akaandikia ofisi kuuliza kama anaweza kupunguza taa. Baada ya wiki saba ofisi ikajibu kwamba barua yake imepokelewa. Baada ya nyingine nne ikashauri balbu nyekundu, kwa maelezo kwamba nyoka haoni rangi nyekundu. Akaweka nyekundu. Tulivu hakula. Waraka mwingine ukaja ukapendekeza balbu ya buluu, ambayo inafanana na mbalamwezi. Akaweka ya buluu. Tulivu hakula, ila wapita njia wawili walibisha hodi wakaulizia bia.

Mwezi wa Julai akaja mkaguzi, Bwana Mtweve, juu ya pikipiki, mikono imekufa ganzi kwa baridi, akiwa na vijiji kumi na vinne vya kukagua na fomu za vijiji tisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kwa niaba ya wengine.

"Anaonekana," alisema, akaweka alama.

"Anaonekana, lakini hali chakula, mkuu. Mwanga unamchosha."

"Mzee wangu, mimi akionekana naandika yupo. Asipoonekana naandika hayupo, na asiyekuwepo hana kibali."

"Na akifa je?"

Bwana Mtweve akafikiri kwa haki kabisa. "Akifa ataonekana," alisema.

Kisha, kwa kuwa alimhurumia, akamwambia ukweli uliobaki. Mnyama akidhoofika, ofisi humchukua. Atarudi mwisho wa Agosti, na kama chatu atakuwa bado hajala, ataondoka naye. Gaudensi hakuuliza atapelekwa wapi. Kila mtu alijua kwamba ofisi haikuwa na mahali pa kuweka nyoka. Ilikuwa na shimo nyuma ya ghala.

Gaudensi akazidisha ulinzi. Alihamishia godoro sebuleni. Akaongeza taa ya pili, ndogo, upande wa kichwa cha Tulivu, ili aone kama mbavu zinapanda na kushuka. Tulivu akasukuma kichwa chini ya bakuli lake la maji, akakaa hivyo, mwili mzima nje na kichwa gizani. Gaudensi akabadilisha bakuli akaweka la kioo.

Katikati ya Agosti akaja Otilia, dada wa marehemu mkewe. Huyu alikuwa akilea vifaranga, na kule baridi huua vifaranga haraka kuliko mwewe. Kazi hiyo hufanywa kwa chungu: mkaa huwekwa chini yake, chungu hufunikwa juu, vifaranga hukizunguka wakalala. Moto hawauoni. Wanapata joto lake tu. Otilia alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini bila mtu kumwandikia waraka.

Alisimama mlangoni, uso wake ukiwa wa buluu.

"Shemeji, baa umefungua. Bado muziki."

"Ni maagizo, shemeji."

"Na hayo macho yako mekundu, nayo ni maagizo?"

"Nikizima, sitajua kama anapumua."

Otilia alikuwa na jibu la mzaha tayari, maana shemeji huyu alikuwa wake wa kumtania. Akasogea kwenye kioo. Akamwona chatu amejikunja hadi mwisho wa kujikunja, ameficha kichwa ndani ya mizunguko ya mwili wake mwenyewe, kwa kuwa hata bakuli sasa lilipitisha mwanga. Akamtazama kwa muda mrefu. Mzaha ukamtoka.

"Dada yangu alikuwa akijifunika uso kwa khanga, akakuomba uzime taa," alisema. "Joto ulimpa, shemeji, wala sikatai. Usingizi hukumpa."

Ilikuwa kweli. Miezi tisa taa iliwaka juu ya kitanda kile, naye akahesabu pumzi za mkewe kutoka kwenye kigoda hichohicho. Wageni walimkuta macho usiku wa manane wakamsifu. Mara moja Agripina alimwambia, zima, Gaudensi, nimechoka kutazamwa. Naye akamjibu kwa upole wote aliokuwa nao, sasa nitakuonaje? Hakuomba tena. Alivuta tu khanga. Gaudensi alidhani ni kwa ajili ya baridi.

Kesho yake Otilia alileta chungu cha zamani chenye ufa mdomoni. Wakaiondoa balbu ya buluu na ile ndogo, wakairudisha ile ya zamani inayochemka, wakaisimamisha juu ya tofali, wakaifunika kwa chungu. Waya ulipita kwenye ufa, kana kwamba ufa ulipasuliwa kwa ajili yake. Bakuli la udongo likarudi mahali pake. Taa iliwaka usiku kucha kama sharti lilivyotaka, na hakuna aliyeiona.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Gaudensi aliketi mbele ya kioo ambacho sasa hakikumwonyesha chochote. Akanyoosha mkono akagusa. Kilikuwa na joto. Akakaa hivyo, kiganja juu ya kioo, akisubiri kuambiwa jambo zaidi ya hilo, na jambo zaidi halikuja. Mwishowe akalirudisha godoro chumbani, akalala kwenye kitanda chake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Usiku wa sita simbilisi aliingizwa. Asubuhi hakuwepo, na Tulivu alikuwa amevimba katikati, amelala nyuma ya chungu, kichwa nje, wazi, hakikujificha popote.

Mwisho wa Agosti Bwana Mtweve akarudi. Akainama mbele ya kioo, akainuka, akainama tena. Tulivu alikuwa nyuma ya chungu.

"Simwoni," alisema, akatoa kalamu, na kalamu ile ilikuwa ndiyo shimo nyuma ya ghala.

"Weka mkono hapo, mkuu," alisema Gaudensi.

Bwana Mtweve akaweka mkono kwenye kioo. Alikuwa ametoka asubuhi na mapema kwenye ukungu, juu ya pikipiki isiyo na kinga ya upepo. Akauacha mkono pale muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji, kisha akaweka na wa pili. Ndani, kitu kizito kikajigeuza polepole kwenye nyasi kavu, kikatulia.

"Fomu haina sehemu ya joto," alisema hatimaye, bila kutoa mikono.

"Najua, mkuu. Nimeijaza miaka miwili. Ila amekula."

Mkaguzi akakaa kwenye kigoda, akaiweka fomu juu ya goti. Kwenye sharti la saba aliandika: Taa inawaka usiku kucha (ndani ya chungu). Kwenye hali ya mnyama alifikiri, akaandika: Yupo. Amelala. Kwenye idadi ya mayai aliandika hakuna, akapiga mhuri, akaomba chai.

Jioni ile Gaudensi alikwenda kaburini kwa mkewe. Alifika kabla jua halijazama. Akaing'oa ile taa ya sola, akapangusa udongo kwenye mguu wake, akaishika mkononi uso chini. Giza likaingia. Taa ikajiwasha yenyewe kama ilivyozoea, akaifunika kwa koti. Alikaa hapo kidogo, asione chochote, kisha akarudi nyumbani kwa kupapasa njia.

Nanyi mnaosifiwa kwa kukesha, mlio na mgonjwa, au mtoto, au mwenzi, au watu mliokabidhiwa: yule mnayemtunza, ni lini mara ya mwisho mlimwachia giza lake?