Paja la Mbuzi la Bwana Shaame

Bisheni mtakavyo, tena bisheni kwa sauti, lakini Vuai alilila paja la mbuzi la Bwana Shaame, tajiri aliyehesabu hata punje za mchele.

Mtaani kwao futari ilizungushwa. Watu walikaa duara, kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa kwa kawa, kisha sahani zikasogezwa kulia ili mtu asile chakula chake. Siku hiyo Shaame alileta pilau na paja zima, na roho ikamuuma.

“Leo idadi ya kusogeza nasema mimi,” akatangaza.

“Sema, bwana mkubwa,” Vuai akajibu, tumbo likimnguruma. “Ila ukishasema, ndiyo imetoka.”

Shaame akahesabu waliokaa, yeye akiwemo. Saba! Basi zikisogezwa mara saba, kila sahani ingerudi kwa mwenyewe.

“Mara saba!”

“Ah, bwana, usitufanyie hivyo!” Vuai akashika kichwa. “Hata tatu hutaki?”

“Saba! Nani kakuuliza?”

Sahani zikasogea mara saba barabara. Shaame akafunua kawa kwa mbwembwe, akakuta kisamvu cha jirani. Kushoto kwake Vuai alikuwa keshaling’ata paja, mafuta yakimtiririka mpaka kiwikoni.

“Mchawi wewe!”

“Hesabu ni yako, bwana.”

Haya, kuna sehemu niliiruka, msinipige. Shaame alipohesabu, Vuai alikuwa bado amesimama na sahani yake ya mihogo. Iliposemwa “saba”, ndipo akajipenyeza kushoto kwa tajiri, wakawa wanane, na kila sahani ikabakiza hatua moja tu kufika kwa mwenyewe.